Mbaraka na Marijani: Nani Mkubwa?

Wapo watu wanaoamini kuwa mjadala huu ulikwisha kufungwa zamani. Ukiuliza hapa Mpanda, sokoni au stesheni, ni nani mwanamuziki mkubwa kuliko wote waliopata kuimba kwa Kiswahili katika nchi hii, utajibiwa kabla hujamaliza swali: Mbaraka Mwinshehe. Ukilitaja jina la Marijani Rajab utaambiwa, naam, naye alikuwa mzuri, lakini. Hiyo "lakini" ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nimeisikia kwa zaidi ya miaka arobaini, kutoka kwa walimu wenzangu, makarani wa reli, wachuuzi, na hata vijana waliozaliwa baada ya wote wawili kwenda kaburini, na kila ninapoipima naona haina mguu wa kusimamia.

Nasema waziwazi tangu mwanzo, msomaji asije akadhani namzungusha. Kwangu mimi Marijani ni mkubwa kuliko Mbaraka. Na tena nasema kwamba sababu zinazotolewa ili kumweka chini yake zinatuaibisha sisi wasikilizaji kuliko zinavyomshusha yeye.

Sikusudii kumbomoa Mbaraka. Mtu anayetaka kumsifu mmoja kwa kumtukana mwingine hana hoja, ana hasira tu. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944 huko Mzenga, Kisarawe. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, na haukupita muda mrefu akawa ndiye uti wa mgongo wa bendi hiyo: mtunzi, mwimbaji, na mpigaji wa gita la solo. Mwaka 1970 alikwenda Japani na wenzake kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka. Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Mtu aliyefanya hayo yote katika miaka isiyozidi kumi na mitano hahitaji utetezi wangu, na hawezi kudhurika kwa maneno ya mwalimu mstaafu wa Katavi.

Marijani Rajab alizaliwa Kariakoo, Dar es Salaam, mwaka 1955. Kwa hiyo Mbaraka alimtangulia kwa miaka kumi na mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa bado kijana mbichi, alikuwa tayari sauti inayojulikana nchi nzima katika bendi ya Safari Trippers. Bendi hiyo ilipovunjika mwaka 1976, akaongoza Dar International kuanzia mwaka 1977. Watu wakampa jina la Jabali la Muziki. Alifariki Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 40.

Naomba msomaji aitazame hiyo namba ya mwisho mara mbili. Watu wanamzungumzia Marijani kana kwamba alikuwa mzee aliyechakaa, aliyeishi mpaka sauti ikamkauka, wakati Mbaraka anakumbukwa kama kijana aliyekatwa angali anachanua. Ukweli ni kwamba mmoja alikufa na miaka 34 na mwingine na miaka 40. Miaka sita tu! Wote wawili waliondoka kabla ya umri ambao mwalimu wa kawaida anapewa shule ya kuongoza. Tofauti ni kwamba mmoja aliondoka ghafla, nchi ikashtuka, na mwingine aliondoka polepole mbele ya macho yetu, nasi tukawa tunatazama pembeni.

Kabla sijaendelea, nieleze kwa nini mtu wa Mpanda ana haki ya kukaa katika kiti cha hakimu. Mtu wa Morogoro akimsifu Mbaraka, anasifu nyumba yao. Mtu wa Kariakoo akimsifu Marijani, vivyo hivyo. Sisi wa huku, tuliokuwa Mkoa wa Rukwa kabla ya Mkoa wa Katavi kuzaliwa mwaka 2012, hatukuwa na mtoto katika mashindano hayo. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni safari ya kupanda tawi la reli lile lililojengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, ufike Kaliua, uende Tabora, na hapo bado hujafika nusu ya njia. Bendi kubwa hazikuwa na sababu ya kuja kutumbuiza porini. Mimi sikupata kumwona Mbaraka wala Marijani jukwaani. Wote wawili walitufikia kwa njia moja, nayo ni Redio Tanzania Dar es Salaam, katika redio ya betri iliyowekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa kilichofumwa. Hatukuona suti ya mtu, wala uchezaji wake, wala umati uliomshangilia. Tulisikia sauti na maneno. Sidhani kama kuna mizani iliyo safi kuliko hiyo.

Aidha, masikio yetu hayakuwa ya kubahatisha. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Usiku, mawimbi yalipokuwa mazuri, tulimsikia Franco na OK Jazz yake, tukamsikia Tabu Ley. Mtu wa Karema hakuhitaji kuambiwa gita tamu likoje. Kwa hiyo anayenieleza kwamba sikumwelewa Mbaraka kwa sababu sijui gita, namwomba atafute sababu nyingine.

Haya, na tuzichukue hoja zao moja moja.

Hoja ya kwanza ni gita. Wanasema Mbaraka alilifanya gita lizungumze, na Marijani alikuwa mwimbaji tu. Sehemu ya kwanza naikubali bila masharti. Hata leo ukisikia gita la Mbaraka linaingia, unalitambua kabla sauti ya mtu haijatoka, kama unavyoutambua mwandiko wa mwanafunzi kabla hujasoma jina juu ya daftari. Lakini hilo neno "tu" linatoka wapi? Tangu lini sauti ya binadamu ikawa chombo kidogo kuliko nyuzi sita? Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuwa huwezi kusahihisha mtihani bila kuwa na mwongozo, na kwamba mwongozo unaandikwa kabla hujaona majibu, wala hauandikwi ili mwanafunzi fulani apate maksi. Wapenzi wa Mbaraka wameandika mwongozo wenye swali moja, nalo ni gita, kisha wanashangaa kwamba mtu wao ameongoza. Kama swali ni nani alipiga gita vizuri zaidi, hakuna ubishi, tufunge vitabu twende nyumbani. Lakini swali ni ukubwa, na ukubwa wa mwanamuziki ni alichowafanyia watu waliomsikiliza.

Hoja ya pili ni Osaka. Eti Mbaraka alivuka bahari, Marijani je? Hoja hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu imevaa nguo za uzalendo na ndani yake mna utumwa. Kwamba Mbaraka alipelekwa Japani ni heshima kwa Tanzania, na nafurahi kwamba alikwenda yeye. Lakini mwanamuziki huchaguliwa kwenda maonyesho ya nje kwa sababu ni mkubwa nyumbani. Hawi mkubwa nyumbani kwa sababu alikwenda nje. Tena mwaka huo wa 1970 Marijani alikuwa na miaka 15. Mnamlaumu mtoto wa miaka 15 kwa kutopanda ndege?

Ugonjwa huu wa kupima mambo yetu kwa macho ya wageni tunao bado. Kijana akiimba hapa, hatumwamini mpaka asifiwe ng'ambo. Mwalimu akiandika kitabu kizuri, hatukisomi mpaka mgeni akitaje. Ukubwa wa aina hiyo ni wa kuazima, na cha kuazima hakistiri matako, wahenga walisema.

Hoja ya tatu ni santuri. Wanasema sahani za Mbaraka ziliuzwa mpaka Kenya, na wimbo wake "Shida" ulitikisa Afrika Mashariki. Ni kweli kabisa. Baada ya kifo chake Polygram ya Kenya iliendelea kutoa nyimbo zake katika mfululizo wa santuri uliopewa jina la "Ukumbusho", na ni mfululizo mrefu. Lakini anayeleta hoja hii hajaangalia kalenda.

Tanzania ya wakati ule haikuwa na njia ya maana ya kutengeneza santuri zake. Bendi ilirekodi katika studio ya Redio Tanzania, utepe ukabaki redioni, wimbo ukapigwa. Aliyetaka sahani ilimbidi aende Nairobi. Mbaraka alifanya kazi yake kubwa wakati njia hiyo ikiwa wazi, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sasa, Jumuiya ilivunjika lini? Mwaka 1977. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa lini? Februari 1977, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Na Dar International ilianza lini? Mwaka huo huo wa 1977. Kisha ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 hadi 1979, na baada yake ile miaka ya dhiki ambayo kila aliyeiishi anaijua: sabuni kwa foleni, betri za redio kwa kujuana, na fedha za kigeni hakuna. Katika nchi isiyoweza kuagiza vipuri vya lori, nani angepewa fedha za kununulia nyuzi za gita na vipaza sauti?

Kwa maneno mengine, miaka bora ya Marijani iliangukia ndani ya mlango uliofungwa. Kuhesabu santuri za wawili hawa na kutoa hukumu ni sawa na kulinganisha mavuno ya mkulima aliyepata mvua na ya yule aliyepata ukame, kisha ukasema wa pili ni mvivu. Mimi naona kinyume. "Zuwena" na "Mwanameka" zilienea nchi nzima, zikafika Mpanda, zikafika Mishamo, zikafika vijiji ambavyo havikupata kuona kinanda cha santuri, kwa nguvu ya utunzi peke yake. Hapakuwa na kampuni nyuma yake. Palikuwa na redio, na watu waliokariri.

Hoja ya nne ni ile ya "laiti". Laiti Mbaraka angeishi! Angefika wapi? Hapa naomba niseme kama mtu aliyesahihisha madaftari kwa maisha yake yote. Mtihani hausahihishwi kwa majibu ambayo mtahiniwa hakuyaandika. Kifo cha ghafla ni msiba, lakini hakiongezi maksi. Wazungu nao wana udhaifu huu. Jimi Hendrix, yule Mmarekani mpiga gita aliyefia London mwaka 1970 akiwa na miaka 27, anasifiwa nusu kwa alichopiga na nusu kwa ambacho angepiga. Sisi wenyewe tulianza mapema, kwani Salum Abdallah wa Cuban Marimba, wa Morogoro hiyo hiyo, alifariki kwa ajali mwaka 1965, na sifa zake zilipanda baada ya mazishi.

Kama lazima tucheze mchezo wa umri, basi tuucheze kwa haki. Mbaraka alipofikisha miaka 21, ilikuwa mwaka 1965, na alikuwa ndiyo kwanza anaanza Morogoro Jazz. Marijani alipofikisha miaka 21, ilikuwa mwaka 1976, na alikuwa ameshaimba na Safari Trippers nyimbo kama "Georgina" na "Rosa Nenda Shule", ambazo zinapigwa mpaka leo. Chukua miaka 34, umri aliofia Mbaraka. Marijani aliufikia mwaka 1989. Kama naye angekufa mwaka huo kwa ajali barabarani, kila wimbo mkubwa ninaoutaja hapa ungekuwa umeshaimbwa, na nina hakika leo tungekuwa na mabibi na mabwana wanaolia "laiti" kwa ajili yake. Kosa lake ni kwamba aliishi miaka sita zaidi.

Jambo jingine halisemwi. Mwaka 1973 Mbaraka aliihama nyumba, akatoka Morogoro Jazz kwenda kujenga ya kwake, na hilo ni jambo la kijasiri. Lakini mwaka 1978 Marijani ndiye aliyehamwa. Abel Balthazar na wenzake waliondoka Dar International wakaenda kuanzisha Mlimani Park, ambayo nayo ikawa bendi kubwa sana. Marijani alibaki na jina na majukumu. Akakusanya watu wengine, akaendelea, na bendi ikaendelea kusikika. Niliwahi kuwa mkuu wa shule iliyoondokewa na walimu wanne katika muhula mmoja. Kujenga upya palipobomoka ni kazi ngumu kuliko kujenga kiwanja kipya, na haina shangwe.

Hayo yalikuwa majibu. Sasa nieleze hoja yangu mwenyewe.

Tazama majina ya nyimbo zao. Mbaraka ana "Shida", ana "Pesa No. 1", ana "Jogoo la Shamba". Marijani ana "Georgina", "Rosa Nenda Shule", "Zuwena", "Mwanameka". Sisemi kwamba Mbaraka hakuimba habari za watu, wala kwamba Marijani hakuimba mawazo. Nasema kila mmoja ana mahali alipokuwa mzito zaidi. Mbaraka alikuwa mtu wa mithali: anakupa hali ya dunia, unaitikia kwa kichwa, na gita linamalizia. Marijani alikuwa mtu wa hadithi: anakupa mtu mwenye jina, anayependa, anayekosea, anayeondoka, na wewe unabaki ukimfikiria kama jirani yako. Katika rejista ya nyimbo zake unaweza kuita majina, na watu wakaitika.

Kwa mwalimu, tofauti hii si ndogo. Watoto niliowafundisha hawakuzaliwa na Kiswahili midomoni. Walikuwa Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa. Wakaja Wasukuma na ng'ombe wao. Wakaja Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba na baadaye Mishamo. Mtoto aliyezungumza Kirundi nyumbani alifika darasani akiwa na Kiswahili cha kuombea maji na cha kuombea ruhusa ya kutoka. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto wanne, pengine sita. Lakini wimbo walikuwa nao wote.

Nikaanza kuutumia. Nilipowapa mithali ya Mbaraka, kama ile ya jogoo, tuliieleza maana, tukatunga sentensi mbili, kipindi kikaisha. Nilipowapa kisa cha Marijani, kipindi hakikutosha. Ni nani anayesema katika wimbo huu? Anasema na nani? Jambo gani lilitangulia na lipi likafuata? Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje? Mtoto ambaye jana alikuwa bubu alisimama akasimulia, akachanganya ngeli, akasahihishwa, akaendelea. Wapo wazazi walionung'unika kwamba mwalimu anawafundisha watoto nyimbo za mapenzi. Niliwajibu kwamba watoto wanazijua tayari; mimi nawafundisha kuzisimulia kwa sarufi. Na huo wa Rosa, ambao jina lake lenyewe ni amri ya kumpeleka binti shuleni, sikuwa na haja ya kuutetea mbele ya mtu yeyote, hasa katika sehemu hizi ambako wasichana walikuwa wakiozwa kabla hawajamaliza darasa la saba.

Hayo ndiyo ninayoita athari. Gita la Mbaraka liliwafunza wapiga gita, na wapiga gita ni wachache. Kiswahili cha Marijani, kilichonyooka, chenye mwanzo na mwisho, kilizoeza masikio ya nchi nzima kusubiri kisa ndani ya wimbo. Alipokuja Profesa Jay mwanzoni mwa miaka ya 2000 na "Zali la Mentali" yake, hadithi iliyopangwa tangu mwanzo mpaka tamati, vijana walidhani jambo hilo ni jipya. Sidai kwamba kijana yule alijifunza kwa Marijani. Nadai kwamba msikilizaji wa Kitanzania alikuwa ameshapikwa. Alikuwa anajua kukaa kimya na kungoja mwisho wa habari.

Nimeacha hoja moja ambayo haisemwi hadharani, lakini ndiyo iliyojificha chini ya nyingine zote. Wanasema kwa sauti ya chini: mbona Marijani alikufa hana kitu? Kama angekuwa mkubwa hivyo, angekosa vipi?

Hapa ndipo ninapotaka tuangaliane usoni. Ni kweli, Marijani hakufa tajiri. Lakini tuulizane ni nani aliyekuwa anadaiwa. Redio ilipiga nyimbo zake, na mwanamuziki hakulipwa kwa kila mara wimbo wake ulipopigwa. Zilipokuja kanda za kaseti, kila mji ulikuwa na duka la kurekodia. Unapeleka kanda tupu, unataja nyimbo unazotaka, unalipa, unarudi jioni kuchukua. Duka lilipata. Mwenye kanda alipata. Mtunzi hakupata hata senti. Sheria ya hakimiliki tunayoitegemea sasa ilipitishwa mwaka 1999, miaka minne baada ya yeye kuzikwa. Mtu aliyeibiwa na nchi nzima hatuwezi kumwambia kwamba umaskini wake ni ushahidi wa udogo wake. Huo ni ujanja wa mwizi anayemcheka mwenye nyumba kwa sababu nyumba ni tupu.

Naamini hii ndiyo sababu ya kweli tunamkimbilia Mbaraka. Mbaraka hatudai. Alikufa angali juu, mbali, katika ajali, na hatuna la kujilaumu. Tunaweza kumkumbuka kwa raha. Marijani alipungua mbele yetu. Kumtaja kunatukumbusha mambo ambayo tungependa tuyasahau, na ni rahisi zaidi kusema alikuwa mzuri, lakini.

Ndugu msomaji, unaweza kuyakataa yote niliyoyasema kuhusu gita na hadithi. Ladha ni ya mtu, na sitamwadhibu mtu kwa kupenda solo. Lakini usikubali kupima ukubwa wa mtu kwa safari zake za nje, kwa sahani zilizouzwa wakati mwenziwe amefungiwa mpaka, kwa kifo chake kilichowahi, au kwa fedha ambazo tulimnyima wenyewe. Vipimo hivyo vinne ni vibovu kwa mwanamuziki, na ni vibovu vilevile kwa mkulima, muuguzi na mwalimu.

Na kama mtaani kwako yupo mzee aliyewahi kupiga gita au kuimba katika bendi ya wilaya, ya jeshi au ya reli, ambaye sasa anakaa kibarazani na hakuna anayejua jina lake, basi usingoje redio itangaze msiba. Nenda ukamsalimu leo. Mwulize nyimbo alizotunga, uandike jina la kila wimbo na mwaka wake. Ukiwa na chochote, mwachie, wala usikiite msaada. Ni deni.